Damu kwenye choo cha mzee: usiridhike na "ni bawasiri tu"

Mama ana miaka 68. Akienda haja kubwa anaona damu nyekundu. Si bawasiri tu?

Huenda ikawa bawasiri kweli, maana ni ya kawaida sana, hasa kwa mtu anayepata choo kigumu na kujikamua. Damu yake huwa nyekundu mbichi, hudondoka mwishoni, na mara nyingi haiumi. Akihisi maumivu kama ya kukatwa na wembe, aghalabu ni mchaniko wa njia ya haja kubwa.

Linalonitia hofu ni hilo neno "tu". Mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani ya utumbo mpana kwa wakati mmoja. Aliyevuka miaka 50 apimwe, hata kama bawasiri anaigusa kwa mkono. Daktari ataingiza kidole, na wazee wengi hukataa hapo kwa aibu, wabembelezeni. Kisha anaweza kuagiza kolonoskopi, mpira mwembamba wenye kamera unaopita ndani ya utumbo. Saratani hii kwa kawaida huanza na kinyama kidogo kinachochukua miaka mingi kugeuka, na kinyama hicho huweza kukatwa papo hapo wakati wa kipimo. Apelekwe haraka zaidi ikiwa anakonda, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa.

Je, choo kikiwa cheusi?

Cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vibaya, ni damu iliyotoka juu, tumboni. Hapo ulizeni kuhusu dawa za magoti. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, zikimezwa kila siku, huchubua tumbo hadi kutoa vidonda, na mzee huzinunua duka la dawa bila kumwambia mtu. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, bila damu yoyote.

Babu anatumia choo cha shimo, hana anachokiona. Tutajuaje?

Mwangalieni yeye mwenyewe. Anachoka kwa kazi ndogo, anahema akipanda kilima, viganja na ndani ya kope vimepauka. Msiseme ni uzee. Apimwe wingi wa damu, na akikutwa nayo kidogo, ulizeni inapotelea wapi.

Kuna sababu nyingine?

Zipo: vifuko vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo kadiri umri unavyosogea (hivi huweza kumwaga damu nyingi ghafla), vimishipa dhaifu vya damu, amiba, na kichocho cha tumbo kwa walioishi kando ya Ziwa Victoria.

Wakati gani si wa kungoja asubuhi?

Damu ikiwa nyingi au ya mabonge, choo kikiwa cheusi kama lami, akitapika damu, akipata kizunguzungu, akizimia au akitoka jasho baridi. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wofarini, awahishwe hata kwa damu kidogo, wala asiiache dawa hiyo bila kauli ya daktari. Kusanyeni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za mitishamba, mwende nazo.