Bakapu inayokokota haiponi kwa diski mpya

Wapiga picha za harusi wengi, kuanzia Darajani, Unguja, hadi Chake Chake, Pemba, huamini kwamba bakapu (nakala ya akiba ya picha) ikichukua muda mrefu, dawa ni kununua diski nyingine ya nje. Mara nyingi diski haina kosa.

Angalieni waya kwanza. Diski nyingi za USB 3.0 zina mdomo mpana uliogawika sehemu mbili, na ile sehemu kubwa hupokea waya wa simu za zamani. Ukiuchomeka, diski inawaka na kunakili, ndiyo maana watu hawashtuki. Kumbe imeshuka hadi USB 2.0, ile ya zamani ya polepole, kama megabaiti 35 kwa sekunde: gigabaiti 500 zitakula saa nne. Kwa waya wake wenyewe, kwenye tundu la USB 3.0 la kompyuta (aghalabu la buluu ndani, au lenye alama SS), diski ya kuzunguka (HDD) hufika megabaiti 100 na ushei, na kazi ileile huisha kwa saa moja na dakika ishirini hivi.

Bado inakokota? Basi huenda ni wingi wa mafaili madogo, maana kila moja huandikwa na kuorodheshwa peke yake. Yafungeni kwenye zip moja bila kuyabana, moja kwa moja kwenye diski ya nje, maana picha za JPEG zimeshabanwa tayari. Diski iwe imefomatiwa kwa NTFS au exFAT (mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski), kwani mfumo wa zamani wa FAT32 hukataa faili linalozidi gigabaiti 4. Na kwa bakapu ya kila siku kwenye Windows, tumieni amri ya `robocopy D:\Picha E:\Picha /E` kwenye Command Prompt (D:\Picha ni folda ya picha zenu, E:\Picha ni ya diski ya nje), inayoyaruka mafaili ambayo hayajabadilika.