Je, Wajua Kwa Nini Magari ya Uingereza Huoza Kuanzia Chini?

Gari lililotumika Uingereza kwa miaka saba laweza kuwa na rangi inayong'aa, viti vya ngozi visivyo na mkwaruzo na injini inayoitika vizuri. Lipandishe kwenye jeki uingie chini yake na tochi, unakuta mabomba ya breki yamevimba kutu na bolti za saspensheni zimelika mpaka spana haishiki. Juu zima, chini limeoza. Mafundi wa Nairobi wanaopokea magari haya wanalijua vizuri, na madereva wa Uingereza wenyewe huingiwa na wasiwasi kila tarehe ya ukaguzi inapokaribia. Anayekula vyuma hivyo ni chumvi, ile ile ya jamii ya chumvi ya jikoni, na inamwagwa barabarani kwa makusudi.

Kwa nini wamwage chumvi? Jibu liko kwenye hali ya hewa yao. Wengi wetu tunadhani Uingereza ni nchi ya baridi kali sana. Sivyo. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ina majira ya baridi yenye unyevunyevu: mchana nyuzi 4 au 6, usiku joto linashuka hadi sifuri au chini yake kidogo, asubuhi linapanda tena. Barabara iliyolowa mvua jioni huganda usiku wa manane na kufunikwa na utando mwembamba wa barafu usio na rangi. Dereva haoni barafu, anaona lami nyeusi tu, na anajua amekosea pale usukani unapokuwa mwepesi ghafla. Kitabu rasmi cha kanuni za barabarani cha huko, Highway Code, kinaonya kwamba kwenye barafu umbali wa kusimamisha gari waweza kuwa mara 10 ya ule wa barabara kavu. Madaraja huwa ya kwanza kuganda, maana hewa baridi inayapiga juu na chini.

Maji safi huganda kwenye nyuzi 0. Yakitiwa chumvi, chembe za chumvi zinajipenyeza katikati ya chembe za maji na kuzizuia zisijipange kuwa barafu, mpaka baridi izidi. Kwenye maabara, maji yenye chumvi ya kutosha huvumilia hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Barabarani mambo ni magumu zaidi: joto likishuka chini ya nyuzi 7 au 8 chini ya sifuri, chumvi huanza kushindwa kazi. Kwa hiyo dawa hii inaifaa hasa nchi ambayo usiku wake unachezacheza karibu na sifuri, na hiyo ndiyo Uingereza.

Tena chumvi wanayo wenyewe, chini ya miguu yao. Mgodi wa Winsford, huko Cheshire, ulianza kuchimbwa mwaka 1844 na bado unatoa chumvi ya mawe iliyobaki baada ya bahari za kale kukauka zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Si nyeupe kama ya mezani. Ina rangi ya kahawia inayoelekea wekundu kwa sababu ya udongo uliochanganyika nayo, na ndiyo maana magari ya Januari huko hutapakaa uchafu wa rangi hiyo hiyo.

Malori ya chumvi hutoka jioni, kabla barafu haijafanyika, yakiwaka taa za rangi ya chungwa huku sahani inayozunguka nyuma ikirusha punje kulia na kushoto. Usiku wa baridi ya kawaida, kipimo ni kama gramu 10 kwa kila mita moja ya mraba. Theluji ikitarajiwa huongezwa mara mbili au hata nne. Uamuzi wa kutoa malori hutegemea joto la lami yenyewe, si la hewa, ndiyo maana kuna vihisio vilivyofukiwa ndani ya barabara.

Kuna sheria pia nyuma ya jambo hili, na kwangu ni sehemu yenye uzito. Sheria ya Barabara Kuu ya mwaka 1980 iliwataka wenye mamlaka ya barabara kuzitunza. Dereva mmoja aliteleza kwenye barafu akapata ulemavu, akalishtaki baraza la kaunti ya East Sussex. Mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya wakati huo ilisema kutunza barabara ni kuikarabati, si kuondoa barafu, naye akashindwa. Bunge lilirekebisha sheria mwaka 2003: tangu hapo mamlaka za England na Wales zina wajibu wa kuhakikisha, kadiri inavyowezekana, kwamba theluji na barafu havihatarishi wasafiri. Mtu anaweza kulalamika gari lake linaliwa, lakini mbadala wake ni watu kupinduka kwenye kona.

Sasa turudi chini ya gari. Chuma kinahitaji vitu viwili ili kishike kutu, maji na oksijeni. Chumvi si ya tatu katika orodha hiyo. Kazi yake ni kuharakisha. Kutu ni shughuli ya umeme mdogo unaotembea ndani ya maji kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua. Zaidi ya hapo, kloridi iliyo ndani ya chumvi huvunja ule utando mwembamba unaokinga chuma. Kutu ikishaanza huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inavimba, inabandua rangi na kufungua njia ya maji mengine. Anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja ameona mabati ya karibu na bahari yanavyoisha mapema kuliko ya bara. Gari la Uingereza hupigwa na maji ya namna hiyo kila majira ya baridi, yakirushwa na matairi yake lenyewe.

Watu wengi hawalitegemei hili: baridi kali ingelilinda gari. Kutu hupungua kasi kwenye baridi kali na huongezeka joto linapopanda. Majira ya Uingereza, yenye unyevu na joto la juu kidogo ya sifuri, huiacha kutu iendelee kufanya kazi siku nzima.

Land Rover Defender ya zamani ni mfano mzuri wa udanganyifu wa macho. Bodi yake ni ya alumini, kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakati Land Rover ya kwanza inabuniwa, lakini chesisi ni ya chuma. Bodi inabaki nzuri huku chesisi inaliwa kutoka ndani, ambako maji na tope la chumvi hukwama. Panapogusana alumini na chuma, alumini nayo hugeuka unga mweupe. Magari ya sasa yana zinki kwenye bodi na hustahimili zaidi, ila mabomba ya breki, springi na mikono ya saspensheni bado yako wazi.

Ukaguzi wa lazima wa huko huitwa MOT. Ulianza mwaka 1960, na leo gari dogo hukaguliwa kila mwaka kuanzia linapofikisha miaka 3, au 4 huko Ireland ya Kaskazini. Kwa England, Scotland na Wales, ada ya juu ni pauni 54.85. Mkaguzi huingia chini ya gari na kuchunguza kutu, akigongagonga panapotiliwa shaka. Kutu iliyokithiri ndani ya sentimita 30 za mahali saspensheni, usukani, breki au mikanda ya usalama ilipofungwa, gari limefeli. Hapo mwenye gari anatafuta fundi wa kuchomelea, na mara nyingi bili yake ndiyo huamua kama gari litaendelea kuishi.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, ukaguzi huo una faida kubwa ambayo wengi hawaitumii. Historia yake iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, bure, kwa yeyote mwenye namba ya usajili ya gari. Utaona mara ngapi lilifeli, kwa sababu gani, lilikuwa limetembea maili ngapi kila mwaka, na maonyo ambayo hayakulifelisha. Soma hayo maonyo. "Mabomba ya breki yameanza kushika kutu" yakijirudia miaka miwili, gari hilo limelala sana kwenye chumvi. Omba namba ya Uingereza kabla hujatuma pesa, na muuzaji akizungushazungusha, tafuta gari jingine. Kenya inaruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka 8, kwa hiyo karibu kila gari la umri wa juu kutoka huko lina kumbukumbu za kutosha kusomwa.

Kisha lioshe likifika, na namaanisha chini. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu kutoka hewani pale unyevu unapopita takribani asilimia 75, na hewa ya Mombasa au Dar es Salaam hufika hapo mara nyingi. Ile iliyojificha kwenye mikunjo ya chesisi haikukauka ikafa. Inaamka bandarini, kwenye joto ambalo kutu inalipenda. Mashine ya presha ielekezwe ndani ya matao ya magurudumu, juu ya tangi la mafuta, kwenye mashimo ya chesisi na pale mabomba ya breki yanapopita juu ya ekseli ya nyuma. Liache likauke kabisa ndipo fundi apake dawa ya kuzuia kutu. Ukipaka juu ya chumvi iliyolowa, umeifungia ndani.