Tebo moja sio lazima iwe klasi moja

Kuna imani kwa madevelopa, hata hapa Dodoma naikuta sana, eti kila tebo ya databesi lazima iwe na klasi yake (kiolezo cha data ndani ya kodi) na klasi hiyohiyo isafiri kutoka databesi mpaka skrini ya simu. Hapana jamani.

Tuseme unajenga mfumo wa kupokea zabibu za wakulima wa Hombolo: una tebo ya wakulima, mizigo, vipimo vya mizani, malipo. Karani wa mizani hawazi tebo nne, anawaza mzigo mmoja wa mama fulani, kreti zake na kilo zake, so unatengeneza obijekti (kitu kinachoundwa kwa klasi) ya Mzigo yenye mkulima ndani na orodha ya vipimo, kilo iwe desimali, tarehe iwe tarehe (hii tabia ya kila kitu stringi, yaani maandishi tu, inachosha), ukiandika kodi inayoweka maneno kwenye kilo kompaila (programu inayotafsiri kodi yako) inakukatalia hapohapo. Hata DataSet, klasi ya kushikia data iliyokuja na .NET (jukwaa la Microsoft la kujengea programu) mwaka 2002, ilibeba tebo kadhaa pamoja na mahusiano yake, kwahiyo wazo sio geni.

Alafu kwenye skrini unatuma kipande tu: jina, jumla ya kilo, hela. Akaunti ya benki inabaki kwenye seva, kwa karani inaenda kufanya nini? Ukibadili jina la kolamu unarekebisha ile kodi ya kuunganisha tebo na klasi basi, skrini haina habari.

Ila foreni kii (kanuni za databesi zinazofunga tebo moja na nyingine, mfano mzigo na mkulima wake) usizifute kisa una klasi nzuri, databesi inaguswa pia na skripti za usiku (programu ndogo zinazojiendesha zenyewe) na yule jamaa anayeingia moja kwa moja "kurekebisha kidogo".