"Mlisema mvua Lindi, kwangu halijadondoka hata tone"

Wiki ya mwisho ya Aprili ndiyo wiki ninayogombana na watu kuliko wiki zote za mwaka. Msimu, yaani kipindi chetu cha mvua, unaaga, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, inaanza kusukuma, na kila mtu anataka jibu la ndiyo au hapana: mwenye ufuta, mwenye majaruba ya chumvi, mwenye dau kule Msimbati, fundi aliyekwisha kuezua paa la mteja. Kazi yangu ni kuwafafanulia utabiri wakulima na wavuvi wa Lindi na Mtwara, na kila mwaka narudishiwa sentensi ile ile: "Mlisema mvua Lindi, kwangu halijadondoka hata tone. Nyie waongo."

Mkoa wa Lindi una zaidi ya kilomita za mraba 66,000, karibu mara nne ya Mtwara. Unaanzia Kilwa baharini, unaishia Liwale porini. Januari, Ukanda Mvua, yaani ule mkanda wa mawingu ya mvua unaohama kusini na kaskazini, ukiwa umetulia juu yetu, mvua inaweza kuzifunika wilaya nyingi kwa siku moja, na hapo hakuna anayegombana. Lakini kufika mwisho wa Aprili ukanda huo umekwishapanda kaskazini. Huku bara mvua zinazobaki nyingi ni za wingu moja moja: jua la mchana linalinyanyua, linamwaga maji nusu saa, limekwisha. Upana wake ni kilomita chache tu. Newala juu ya uwanda italoa, Masasi kule chini vumbi litupu, na kesho yake ikawa kinyume. Wingu la namna hiyo hakuna mtabiri, wa hapa wala wa Ulaya, atakayekutajia siku tatu kabla kwamba litaangukia shamba la nani.

Kwa hiyo utabiri unasema "mvua katika maeneo machache". Watu wanalisikia neno mvua, hayo mengine wanayameza. Jamani, "maeneo machache" ndiyo utabiri wenyewe! Maana yake ni kwamba wengi watabaki wakavu, na wachache watakaolowa hawajulikani bado. Ukiambiwa uwezekano ni asilimia 30, hesabu siku kumi za namna hiyo: kwako itanyesha kama tatu, saba zitapita kavu. Siku moja kavu haimfanyi mtabiri kuwa mwongo.

Mwaka jana mwanzoni mwa Mei mama mmoja wa Nachingwea alikuwa amesimamisha matita ya ufuta shambani, turubai limekunjwa nyumbani. Utabiri ulitaja maeneo machache kwa siku tatu. Siku ya kwanza kavu, ya pili kavu. Nilimpigia jioni ya siku ya pili.

"Shikamoo mama. Ufuta umeufunika?"

"Marahaba mwanangu. Nifunike nini? Mvua yenu si imekwenda kunyesha redioni?"

Siku ya tatu, saa kumi alasiri, ilishuka dakika arobaini. Nilipofika kesho yake ufuta ulikuwa unanuka ukungu, na punje zilizopukutika chini zilikuwa zimegeuka rangi ya majivu. Ufuta wa hivyo mnadani unajua mwenyewe unavyotazamwa. Jirani yake, umbali wa kutembea kwa mguu, alikuwa anapukuta wake mkavu kabisa. Siku mbili kavu hazikuwa zimepunguza chochote katika hatari ya siku ya tatu, na kulifungua turubai ni kazi ya robo saa. Mwenye ufuta ajiulize kwanza: ikinyesha napoteza nini, na kujikinga kunanigharimu nini? Kama kujikinga ni turubai ulilo nalo tayari, hata asilimia 20 zinatosha kulifungua.

Na tafadhali, pimeni. Hili nalisema kila mkutano na sitachoka. Chukua kopo la maziwa ya unga lenye ubavu ulionyooka, liweke pa wazi mbali na mikorosho na paa, kila siku saa tatu asubuhi tumbukiza rula, andika milimita, mwaga. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Kwenye ekari moja ni kama lita 4,000. Mama yule sasa ana kopo lake na daftari la shule. Akinipigia siku hizi ananiambia milimita 14, na hapo tunaweza kuzungumza.

Dhana ya pili inanitia hofu zaidi ya hasira: "Kimbunga hakifiki kwetu." Kilifika Lindi tarehe 15 Aprili 1952. Aprili 2019 watu wa Mtwara walitahadharishwa kuhusu kimbunga Kenneth na wengine wakaambiwa wahame mabondeni. Tarehe 25 kikapiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kikavunja nyumba kwa maelfu. Huku kwetu watu wakarudi majumbani wakisema walitishwa bure. Bure vipi, wakati ndugu zetu Wamakonde wa upande ule walikuwa wanazika? Kisha Mei 2024 akaja Hidaya. Upepo wake ulilegea haraka ulipofika Mafia, wengi wakapumua, lakini mvua haikulegea: barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga, magari yakalala njiani. Upepo ukipungua, angalia mito.

"Redio imesema Masika yatakuwa mazuri." Masika ya Machi hadi Mei ni ya Dar es Salaam, Tanga, Kilimanjaro na wenzao wenye misimu miwili. Sisi tuna Msimu, Novemba hadi Aprili. Taarifa yetu hutoka kabla ya Novemba. Isikilizeni wakati huo.

"Juu ya wastani maana yake kila siku mvua." Hapana. Ni zaidi ya asilimia 125 ya kiwango cha kawaida cha mahali hapo kwa kipindi chote. Kama kwenu kawaida ni milimita 100 na zikashuka 130 kwa usiku mbili, mmeshakuwa juu ya wastani, hata kama mihogo ilisinyaa wiki tatu kabla.

"Simu yangu inaonyesha jua." Kile kijipicha kinatengenezwa na kompyuta kwa eneo la kilomita nyingi, na mara nyingi hakuna mtu aliyekikagua. Msikilizeni mtabiri aliyeisoma picha ya satelaiti asubuhi hiyo.

"Mvua imefungwa na fulani." Haifungwi. Kodini turubai la harusi.

Na wavuvi wangu, ambao kwao mbingu nyeupe ni ruhusa ya kutoka: kusi inavuma kwenye anga lisilo na wingu hata moja. Angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili linaweza kutolewa siku ya jua kali, na mita mbili ni juu kuliko kichwa chako ukiwa umekaa ndani ya dau. Mwenye chombo akinipigia wiki hii, aniulize upepo kwanza. Mvua tutaizungumza baadaye.