Je, wajua mtu wa kiti mwendo anafikaje kwenye vilele vya miti bila ngazi wala lifti?

Aliyewahi kupanda gari kutoka Chimala kwenda Matamba, kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kusini mwa Tanzania, ameshaliona jibu kwa macho yake. Barabara ile wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Walioichonga hawakuweza kuupunguza mlima, basi wakaurefusha mwendo ili gari lipande kidogo kidogo. Njia za juu zinazojengwa katika hifadhi na bustani kwa ajili ya watu wote, wakiwamo wanaotumia kiti mwendo, zinafuata kanuni hiyohiyo.

Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kupanda inapewa angalau sentimita 12 za mwendo. Mtu na kiti chake wakiwa na kilo 100, kwenye mwinuko huo mikono yake inasukuma mzigo wa kilo 8 hivi, ukiacha msuguano wa magurudumu. Ukiufanya mwinuko kuwa moja kwa sita, mzigo unakuwa maradufu, na hapo kiti kinaweza kumshinda mtu nguvu kikarudi nyuma. Hata moja kwa kumi na mbili inachosha. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinataka pawe na sehemu tambarare ya kupumzikia kila baada ya kupanda sentimita 76.

Sasa piga hesabu. Kufika mita 12 juu kunadai mita 144 za mwendo, bila kuhesabu sehemu za kupumzikia. Ni mbao nyingi na fedha nyingi. Kwa hiyo wasanifu wazuri wanatafuta ardhi inayoteremka: njia inaanzia ubavuni mwa kilima, inakwenda karibu tambarare, na ardhi ndiyo inayoshuka chini yake. Mgeni hajapanda popote, lakini anajikuta katikati ya matawi. Bustani ya Kirstenbosch kule Cape Town ilifungua njia ya namna hiyo mwaka 2014, yenye urefu wa mita 130. Inaanza usawa wa ardhi, inapinda kati ya miti hadi kimo cha karibu mita 12, na kiti mwendo kinapita. Njia ya vileleni ya Hifadhi ya Ziwa Manyara, mita 370 za madaraja yanayoning'inia, ni nzuri sana, ila daraja linaloyumba linamtaka mtu mwenye miguu imara.

Sakafu nayo ina siri yake. Mbao zinalazwa kukingama njia, kwa sababu zikilazwa kuifuata, magurudumu madogo ya mbele yanatumbukia kati ya mbao na kunasa. Upenyo kati ya ubao na ubao hauzidi sentimita 1.3. Hauzibwi kabisa, maana mvua na mwanga lazima vifike chini.

Na hapo ndipo Kitulo inaponijia akilini. Uwanda ule uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2005, hasa kwa ajili ya mimea yake: aina zipatazo 350, zikiwamo okidi za ardhini 45. Maua yanachanua kati ya Desemba na Aprili, wakati wa mvua. Yaani siku uzuri unapokuwa kileleni, ndipo ardhi imelowa na gurudumu linazama. Wanaotembea kwa miguu wanakwepa tope, wanapita pembeni, na njia inazidi kupanuka juu ya maua. Okidi hizo zina viazi udongoni, na mbegu zake, zisizo na akiba ya chakula, zinahitaji kuvu wa udongoni ili ziote. Udongo ukishindiliwa na nyayo, hasara haiishii kwenye ua lililovunjika.

Njia iliyoinuliwa juu ya nguzo inagusa ardhi mahali pachache tu. Kwa uwanda wa Kitulo nusu mita ingetosha, na bibi mwenye magoti mabovu angeziona okidi sawasawa na kijana. Kwenye msitu wa Livingstone, ndani ya hifadhi hiyohiyo, kimo kingekuwa na faida nyingine: kipunji, kima aliyetangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005, anashinda juu mitini. Mimi naamini kabisa Kitulo inastahili njia kama hiyo.

Kuna jambo dogo linalosahaulika: kingo, yaani uzio wa pembeni mwa njia. Mtu aliyeketi, macho yake yako mita 1.1 hadi 1.2 kutoka sakafuni, palepale ambapo ubao wa juu wa kingo hupigiliwa. Anafika juu kwa jasho, anatazama ubao. Nyaya nyembamba na ubao wa juu uliowekwa chini kidogo ya macho vinaondoa tatizo hilo bila kupunguza usalama.

Ukipanga safari na mtu anayetumia kiti mwendo, uliza kwanza kuhusu choo, na kuhusu kipande cha kati ya maegesho na mwanzo wa njia. Kokoto za mita ishirini au ngazi mbili za saruji zinatosha kumzuia, hata kama njia yenyewe imejengwa kwa vipimo vyote.