"Hatutampanda, Tutamwogesha Tu": Dhana Potofu Kuhusu Tembo wa Phuket

Wiki iliyopita walinijia maharusi kutoka Tanga, wenye tiketi zao za kwenda fungate Phuket, kisiwa cha Thailand, kuniuliza ni kambi gani ya tembo itakayowafaa. Kabla sijajibu, bibi harusi alitanguliza maneno ambayo nimekwisha kuyasikia mara nyingi mno: "Daktari, usiwe na wasiwasi, sisi hatutampanda, tutamwogesha tu." Aliyasema kwa nia njema kabisa, na ni nia hiyo iliyonisukuma kuandika, kwa sababu nilifanya kazi ya udaktari wa mifugo miongoni mwa tembo wa kisiwa kile kwa miaka kadhaa, na ninajua kinachofanyika asubuhi, gari la wageni halijafika, ili mtu kama yeye apate kumsugua tembo mgongo.

"Kumwogesha hakumdhuru, tembo hupenda maji"

Nusu ya kauli hii ni kweli, ndiyo maana haifi. Tembo hupenda maji. Akiachwa mwenyewe huingia mtoni, hujitumbukiza, huvuta maji kwa mkonga na kujimwagia, kisha hutoka na kwenda moja kwa moja kwenye vumbi au tope akajipaka mwili mzima. Mpako huo ni dawa yake: humkinga na jua na wadudu, na huhifadhi unyevu katika mikunjo ya ngozi, jambo la lazima kwa mnyama asiye na tezi za jasho isipokuwa kuzunguka kucha zake. Kuoga kwake kuna mwanzo na mwisho, na vyote viwili huviamua yeye.

Kinachouzwa kwa watalii ni kitu kingine. Katika kambi moja ambako niliitwa kutibu jipu la ukucha, nilishinda kutwa nzima na kuhesabu makundi manne ya wageni. Jike mmoja, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, aliingizwa bwawani saa tatu, saa tano, saa nane na saa kumi. Kila mara alilazwa ubavu, akasuguliwa kwa brashi mpaka tope lote likamtoka, akasimamishwa apigwe picha, kisha akatolewa na kufungwa kwenye saruji, mbali na vumbi, ili awe safi kwa kundi linalofuata. Nilisogea nikautazama mkono wa mwongozaji wake. Hakuwa na kulabu, ile fimbo yenye ncha ya chuma ya kumwongozea tembo, kwa kuwa wageni hawapendi kuiona. Kati ya kidole cha shahada na cha kati alikuwa amebana msumari wa inchi tatu, na kila alipotaka tembo alale aliupeleka nyuma ya sikio, pale ngozi ilipo laini. Kufikia saa nane jike yule alikuwa akilala mara tu mkono ulipoinuka, msumari ukiwa bado haujamgusa.

Wateja wangu hudhani kwamba ukatili wote umo katika kiti kinachofungwa mgongoni, na kwamba kiti kikiondolewa, ukatili nao umeondoka. Sikitetei kiti hicho hata kidogo: kikibeba watu wawili au watatu kwa saa nyingi, siku baada ya siku, huchubua ngozi na kuacha vidonda visivyopona kwa sababu kesho kitafungwa tena palepale. Lakini mwongozaji mmoja akikaa shingoni mwa jike mzima wa kilo 3,000, uzito wake ni jambo dogo. Jambo kubwa lilikwisha kutendeka zamani, tembo alipokuwa mtoto. Kwa desturi ya mafunzo ya kale hutenganishwa na mama yake, mara nyingi angali ananyonya, akafungiwa katika kizimba chembamba asichoweza hata kugeukia, akanyimwa usingizi na chakula na kupigwa mpaka aache kupinga. Wathai wana jina la utaratibu huo, phajaan. Si kila mtoto wa tembo hupitia ukali wa kiasi hicho leo, na wako waongozaji wanaofundisha kwa chakula na subira. Hata hivyo, ninamwomba kila anayenijia ajiulize tembo anayekubali watu kumi asiowajua wamzingire majini, wapige kelele na kumshikashika mkonga na masikio, alifundishwaje kuvumilia hayo. Alifundishwa kama yule anayepandwa. Hana budi kuwa chini ya amri kila dakika, kwa sababu mgeni yuko umbali wa mkono tu kutoka kwake. Kambi nyingi zilizotangaza kwamba zimeacha kupandisha wageni zilibaki na tembo wale wale na minyororo ile ile, zikaongeza bwawa.

Hatari nayo haipungui kwa kuwa mtu yuko chini badala ya juu. Januari 2025 mtalii kijana kutoka Hispania aliuawa na tembo aliyekuwa akimwogesha katika kisiwa cha Koh Yao Yai, mwendo mfupi wa boti kutoka Phuket. Sina neno la kumlaumu yeyote katika msiba ule. Ninachosema ni kuhusu tembo wote: tembo akisimama majini juu ya matope yanayoteleza, watu wakiwa ubavuni na nyuma yake asikoweza kuwaona vizuri, hana pa kuondokea, na kule kugeuza kichwa au kuusukuma mkonga pembeni kwa mshtuko kunatosha kumwua binadamu, hata kama hakukusudia.

Kisha kuna maji yenyewe. Tembo mzima huweza kutoa hadi kilo 100 za kinyesi kwa siku, na hujisaidia humo humo bwawani. Wageni nao huingia na mafuta yao ya kujikinga na jua na dawa zao za mbu. Kuhusu kifua kikuu, watu huniangalia kama ninayetia chumvi, lakini bakteria wanaowaambukiza binadamu ndio hao hao wanaohamia kwa tembo na kurudi kwa binadamu. Ili kumpima, tunatia maji ya chumvi ndani ya mkonga, tunauinua, kisha tunaukingia mfuko ayapulize, na mfuko huo tunaupeleka maabara. Akikutwa anaumwa, anahitaji isoniazidi na rifampisini kwa mwaka mmoja au zaidi, na yeyote aliyejaribu kumficha tembo dawa chungu ndani ya boga anajua jinsi mkonga unavyoichambua na kuitupa kando. Mgeni anayefurahia kupuliziwa maji ya mkonga usoni kwa ajili ya picha afikirie hayo kwanza.

Hapo huulizwa: je, tembo asioshwe? Huoshwa, na mwongozaji wake, mtu mmoja anayemjua, hasa kabla ya kutiwa dawa kwenye jeraha. Wageni hukaa ng'ambo ya bwawa wakitazama, na tembo asipotaka kuingia majini siku hiyo, hawaoni kitu. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na siubadilishi: ukiona ratiba imeandika saa ya tembo kuoga, tafuta kambi nyingine.

"Bango limeandikwa hifadhi, basi ni salama"

Hakuna sheria ya Thailand inayolinda neno hilo. Mwenye tembo wawili na bwawa anaweza kuliandika kesho. Sheria ya mwaka 1939 inamweka tembo anayefugwa kundi moja na ng'ombe, farasi na nyati wa kufugwa, yaani wanyama wa kazi, na ile ya 2014 ya kuzuia ukatili ni ya wanyama kwa jumla. Uliza mambo ambayo bango haliyasemi: je, tembo ni wa kambi au amekodishwa kutoka kwa mwenyewe huko Surin, mkoa wa kaskazini mashariki mwa Thailand? Mwongozaji wake amekuwa naye kwa muda gani, na analipwa mshahara au anategemea bakshishi? Mwongozaji anayeishi kwa bakshishi atafanya chochote mgeni anachotaka, na wanaoubeba mzigo huo ni yeye na tembo.

"Wangefunguliwa tu, warudi msituni"

Kila ninapoisikia kauli hii mimi huuliza: msitu upi? Phuket ina takriban kilomita za mraba 540, kama theluthi moja ya Unguja, na msitu wa maana uliobaki, Khao Phra Thaeo, una kilomita za mraba zipatazo 22 tu, ilhali tembo mmoja mzima hula karibu kilo 150 za majani na matawi kwa siku. Wala tembo hawa si wenyeji wa kisiwa. Mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua mamia ya watu kusini mwa Thailand Novemba 1988, na lawama zikaangukia ukataji wa misitu, serikali ikapiga marufuku uvunaji wa magogo katika misitu ya asili Januari 1989. Tembo waliokuwa wakikokota magogo hayo, pamoja na waongozaji wao, walipoteza kazi siku moja. Baadhi waliishia kuombaomba katika mitaa ya Bangkok. Wengine walipakiwa kwenye malori, wakavushwa daraja linalounganisha Phuket na bara, wakaanza kubeba watalii.

Tembo mzee aliyefikia seti ya sita ya magego, ambayo ndiyo ya mwisho maishani mwake, hawezi tena kutafuna magome. Ukimfungulia porini atakufa kwa njaa au ataingia shambani mwa mtu, na wanaolima kando ya Tsavo au Mikumi hawahitaji kusimuliwa yatakayofuata. Kwa hiyo, pamoja na uchungu wangu wote dhidi ya mabwawa yale, sitaki kambi zifungwe kesho. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozuia wageni, tembo walikosa chakula, na waongozaji wengi waliwarudisha kwa miguu vijijini kaskazini na kaskazini mashariki. Fedha ya mgeni inahitajika; ilipe majani na dawa. Phuket Elephant Sanctuary, kituo kilichofunguliwa mwaka 2016 pembezoni mwa Khao Phra Thaeo kwa ajili ya tembo waliostaafu kazi, kilionyesha kwamba wapo wageni wanaokubali kulipa ili watembee na kutazama tu.

"Tembo wa Asia ni mpole kwa asili, si kama wetu"

Ng'ombe amechaguliwa na binadamu kizazi baada ya kizazi kwa maelfu ya miaka mpaka akawa ng'ombe tunayemjua. Tembo wa Asia hakupitia hayo. Kwa karne nyingi alikamatwa porini na kufugwa, na anayezaliwa kambini leo ana damu ile ile ya mwituni. Dume akiingia katika kipindi cha masti, yaani wakati homoni zake za uzazi zinapopanda sana, tezi za kando ya macho zikaanza kuchuruzika na mkojo ukadondoka mfululizo, hata mwongozaji aliyeishi naye miaka ishirini hukaa mbali. Na tembo wa Afrika nao walifundishwa. Wakati wa utawala wa Wabelgiji huko Kongo, kwanza Api na baadaye Gangala na Bodio, karibu na mbuga ya Garamba ya sasa, tembo walilima na kukokota mikokoteni. Anayedhani kwamba wa Asia "wamezoea" na wetu hawawezi kuzoea, anakosea pande zote mbili.

"Anacheza dansi, amefurahi"

Kuyumbayumba huko huko, kichwa kikienda kushoto na kulia bila kukoma, ni tabia ya mnyama aliyefungwa na kukosa la kufanya kwa muda mrefu. Unyevu unaoteremka kutoka kwenye jicho nao si machozi ya huzuni. Tembo hana mfereji wa kupitishia maji ya jicho puani, kwa hiyo hutiririka nje.

"Mnyororo wowote ni ukatili"

Hapa wenye huruma zaidi ndio hukosea. Mnyororo wa mita mbili kutwa kucha ni ukatili, naam. Lakini mnyororo mrefu usiku, mahali penye udongo, maji na majani ya kutosha, unaweza kumzuia tembo asiingie barabarani au asigombane na mwenzake. Uzio madhubuti ni bora zaidi, nao ni ghali sana. Pima urefu, muda na kilichopo chini ya miguu.

"Anakula ndizi nyingi, ana afya"

Vikapu vya ndizi na miwa vinavyouzwa mlangoni ni peremende kwake. Chakula cha tembo ni nyasi, majani na matawi, tena siku nzima, na sukari ya makundi manne ya wageni humnenepesha huku miguu ikizidi kubeba.

Miguu ndiyo ninayoitazama kwanza popote niendapo, na ningependa kila mgeni aitazame kabla ya kutazama mkonga. Tembo wa Asia huwa na kucha tano mbele na kwa kawaida nne nyuma. Zikiwa nzima huwa nyororo, kila moja ikiwa na nafasi yake, na unyayo huwa na mifereji midogo midogo inayoshika ardhi. Aliyesimama miaka mingi kwenye saruji iliyolowa mkojo huwa na unyayo uliosagika ukawa laini, nyufa zinazopanda kutoka kwenye ukucha, na jipu lenye harufu ambayo mtu akiinusa mara moja hataisahau. Kulitibu ni kuuloweka mguu kila siku katika maji vuguvugu yenye dawa, kukata nyama iliyooza kidogo kidogo, na kungoja miezi. Yule jike niliyemtibu alirudishwa bwawani siku ya tatu.

Kwa hiyo maharusi wa Tanga niliwaambia waiandikie kambi waliyoichagua, waombe picha ya mahali tembo wanapolala usiku. Picha ilifika juzi: sakafu ya saruji yenye mfereji katikati na pete ya chuma ukutani. Bibi harusi aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza jina la kambi nyingine.