Mmegongana, mmemalizana, ukaenda kulala?

Haya ni maswali tunayoulizwa hospitalini kila mara na madereva na abiria wa bodaboda hapa Kigoma.

Ajali ya barabarani ni ipi?
Chombo kikigonga mtu, chombo kingine au ng'ombe. Bodaboda iliyoteleza peke yake na dumu la mawese nyuma, nayo ni ajali.

Sitoki damu, nimeinuka mwenyewe, jamaa kanipa elfu kumi tumemalizana. Hospitali ya nini?
Nenda hospitali. Kichwa kikigongwa, mshipa unaweza kuvuja ndani ya fuvu polepole. Mtu anaongea, anacheka, anapokea simu. Saa chache baadaye kichwa kinamzidi, anatapika, anasinzia. Nyumbani wanasema, "Mwacheni apumzike." Hapumziki huyo, anapoteza fahamu! Bandama nayo hupasuka tumboni bila jeraha la kutisha nje. Elfu kumi haizuii damu.

Nikimeza diklofenaki nikasikilizia mpaka asubuhi?
Hapana. Inapunguza maumivu ambayo yangekuleta kwetu mapema, na inaweza kuzidisha kuvuja damu. Kuchuliwa pia hapana. Nenda hospitali usiku huo huo.

PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, je?
Dharura inatibiwa kwanza. Ndugu mmoja aifuatilie kituoni. Tafadhalini, msimkalishe mtu anayetapika kwenye benchi la polisi.

Mtu anaumwa, nyie mnahoji kagongewa wapi, saa ngapi, na nini. Ya nini yote hayo?
Tunauliza huku tunahudumia. Kilichokugonga kinatuelekeza pa kuchunguza. Na majibu ya wengi yakiwekwa pamoja, yanaonyesha barabara inaumizia watu wapi. Majeruhi wakitoka kona moja, jioni ile ile, tusiseme tena bahati mbaya: pengine hakuna taa, mchanga umetapakaa juu ya lami, mabanda yanamziba dereva, au watoto wanavuka pasipo na kivuko. Hapo TARURA au TANROADS, wakala wa serikali wanaosimamia barabara, wanaweza kuombwa tuta, taa au kivuko pale penye shida, siyo mbele ya nyumba ya mkubwa.

Ajali mliyoimaliza kimyakimya haimo kwenye daftari lolote, kwa hiyo kwa maandishi kona hiyo ni salama kabisa. Na ukiulizwa, "njia ya Ujiji" haitoshi, ni ndefu hiyo. Taja duka, msikiti, mti.

Kofia ngumu inasaidia kweli?
Sana. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ikivaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kichwani, mkanda umefungwa. Inayoning'inia kwenye usukani inalinda usukani. Kwenye mshikaki wa watu watatu, nayo ni moja!

Nilianguka juzi, kichwa bado kinauma. Nimechelewa?
Nenda leo. Kwa wazee hasa, damu huweza kujikusanya taratibu hata kwa wiki kadhaa. Ila ukifika usitwambie "malaria tu" ukaificha pikipiki. Sema ulianguka, na useme wapi.